Kabla hujaupa mbolea mndimu wa kwenye chungu, angalia mizizi

Picha tunazotumiwa na wateja wa kitalu chetu zinafanana sana. Mndimu au mlimau kwenye chungu, barazani au juu ya paa la ghorofa, majani yamegeuka njano, mengine yamepukutika, na vitunda viwili vitatu vimedumaa vikiwa na ukubwa wa gololi. Chini ya picha swali ni lilelile: “Niweke mbolea gani?” Jibu letu ni kwamba usiweke yoyote kwa sasa. Mche uliochoka ukiumwagia mbolea unaiongezea chumvi mizizi ambayo tayari imeshindwa kunywa maji, na muda si mrefu hata majani yaliyobaki yanaungua kingo.

Mndimu wa shambani ukibanwa na ukame, mizizi yake inatafuta njia. Wa kwenye chungu hauna pa kukimbilia. Maji yakizidi, chumvi ikizidi, udongo ukigandamana, vyote vinabaki mlemle. Ndiyo maana mche unaoumwa ukifika kitaluni kwetu tunautoa kwenye chungu kabla ya jambo lingine lolote. Unaweza kufanya hivyo nyumbani. Acha udongo upungue maji kidogo, laza chungu ubavu, gonga pande zote kwa kiganja, kisha vuta taratibu ukishika shina karibu na udongo.

Sasa angalia kwa makini. Mizizi mizima ina rangi ya krimu au kahawia hafifu, ni migumu, na ncha zake ni nyeupe. Mizizi iliyooza ni myeusi na inanuka kama tope la mtaroni. Shika mmoja mwembamba katikati ya vidole viwili uvute: kama ganda linavuka lote na kukuachia kiuzi chembamba, huo umeoza, na sababu kubwa ni maji kutuama. Kuna na hali ya tatu, nayo tunaiona zaidi kwa miche iliyokaa miaka kwenye chungu kimoja: udongo karibu umekwisha, kimebaki kifurushi cha mizizi inayozunguka umbo la chungu. Huo hata ukiumwagilia kila siku, maji yanapita pembeni na kutokea chini, katikati pakavu kabisa.

Kama imeoza, kata sehemu zote nyeusi kwa mkasi uliopanguswa na spiriti. Kama inazunguka, punguza ile ya nje kwa sentimita mbili hadi tatu na uikate inayojikunja chini. Mizizi ikipungua, matawi nayo yapunguzwe, yapata theluthi moja, maana mizizi michache haiwezi kulisha majani yote. Wateja wengi wanaogopa hatua hii, na tunawaelewa, lakini kuuachia mche matawi yote ndiko kunakouua.

Udongo wa kurudishia tunauchanganya hivi: sehemu mbili za udongo wa juu wa shamba, sehemu moja ya mboji au samadi ya ng’ombe iliyoiva, na sehemu moja ya mchanga wa mto au pumba za mpunga zilizochomwa zikawa nyeusi. Samadi iliyoiva hainuki na ukiingiza mkono haina joto. Ya kuku ikiwa mbichi iache kabisa, inaunguza mizizi. Chungu kiwe na mashimo manne au matano chini, yafunikwe kwa kipande cha neti tu. Ile desturi ya kujaza kokoto chini haisaidii maji kutoka. Inapunguza nafasi ya mizizi na kuyasogeza juu maji yaliyotuama. Sehemu ya shina iliyobebeshwa, yaani kiungo ambapo ndimu iliunganishwa na shina la mche mwingine, ibaki juu ya udongo. Mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha weka chungu kivulini kwa wiki mbili.

Pwani ya Dar es Salaam ina mambo mawili ambayo mteja wa Arusha au Mbeya hayapati kwa kiasi hiki. La kwanza ni chokaa. Maeneo mengi ya ufukweni yamekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na udongo wake una chokaa nyingi. Ndimu inapenda udongo wenye uchachu kidogo. Chokaa ikizidi, madini ya chuma yanafungwa na mizizi haiwezi kuyachukua hata kama yamo. Dalili yake ni majani machanga kuwa njano huku mishipa ikibaki kijani. Kama ni majani ya zamani ya chini yanayopauka yote kwa pamoja, hiyo ni njaa ya naitrojeni, jambo jingine kabisa. Jaribio la nyumbani: chukua kijiko cha udongo mkavu, dondoshea siki. Ukichemka vipovu, una chokaa nyingi, badilisha udongo. Vyungu vipya vya saruji vinavyouzwa barabarani navyo vinaachia chokaa, kwa hiyo kiloweke wiki moja au mbili ukimwaga maji na kuyabadilisha kabla ya kupanda. Hatujui kwa nini wauzaji hawalisemi hili, lakini sisi tunamwambia kila anayenunua.

La pili ni maji ya kisima yenye chumvi. Ncha za majani kukauka kahawia, na ukoko mweupe juu ya udongo au kwenye mdomo wa chungu, hiyo ni chumvi. Dawa yake ni kusuuza: pitisha maji yasiyo na chumvi, ya mvua yakipatikana, kiasi cha mara mbili au tatu ya ujazo wa chungu, taratibu, mpaka yatoke chini. Ukinywesha kwa maji ya kisima kila siku, maji ya mvua unayokinga wakati wa masika na vuli yatumie kwa miche yako kabla ya kufulia.

Kumwagilia kwenyewe kusifuate saa wala siku. Chomeka kidole mpaka kifundo cha pili. Pakiwa na unyevu, acha.

Wadudu tutawagusa kidogo tu. Ukiona kwenye jani kitu kama kinyesi cha ndege chenye madoa meupe, kiguse: kikitoa pembe mbili za rangi ya machungwa na harufu kali, ni kiwavi wa kipepeo wa michungwa. Mtoe kwa mkono. Sisimizi wakipanda na kushuka shinani, tafuta vidukari au vidugamba (wadudu wadogo wanaofyonza utomvu) chini ya majani, waoshe kwa maji yenye sabuni kidogo.

Usiharakishe matunda. Mche uliotoka kuumwa ukitoa maua msimu wa kwanza, yachume. Mbolea ianze pale majani mapya yatakapokomaa: kijiko kimoja cha chai cha NPK (mbolea yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu) kwa chungu cha lita 20, kila baada ya wiki sita, mbali na shina, udongo ukiwa na unyevu.

Kuna miche hatuipokei, na ni haki yako kujua mapema. Kwangua gome kwa ukucha, kuanzia juu kushuka. Kijani chini ya gome ni uhai. Kama kijani kinaanzia chini ya sehemu ya kubebesha tu, basi ndimu uliyonunua imekufa, na machipukizi hayo ni ya shina la chini, mara nyingi mlimau mkali wenye miiba mingi. Ni vizuri kununua mche mwingine kuliko kulea huo miaka mitatu. Kwa mche mzima pia, machipukizi yoyote yanayotoka chini ya kiungo yang’oe yakiwa machanga.

Huduma yetu ni hii: vyungu vinavyobebeka leta kitaluni, tunautoa mche mbele yako na kukuonyesha mizizi kabla hujalipia chochote. Vikubwa tunavifuata nyumbani. Tukiona hauponi tunakwambia papo hapo. Ukipenda kuanza kwa picha, tutumie tatu: mche mzima, majani machanga kwa karibu, na chini ya chungu palipo na mashimo. Hiyo ya mwisho ndiyo wengi wanaisahau.