Banda la Skuli Halina Paa: Taarifa ya Mwakilishi Wenu na Wito wa Harambee

Assalaamu alaykum wazee wangu, mama zangu, ndugu na vijana wa jimbo letu, mlioko nyumbani Pemba na mlioko Unguja, Dar es Salaam, Tanga, Mombasa, Maskati na kwengineko.

Nimerudi kwa boti wiki iliyopita baada ya kumalizika mkutano wa bajeti wa Baraza la Wawakilishi. Kila nikirudi huwa nakaa nanyi barazani nikakuelezeni tulichojadili na tulichopitisha. Safari hii naandika, kwa sababu nataka maneno haya yawafikie na walio mbali. Taarifa nitaitoa kama kawaida. Lakini sitaki kuzunguka: kilichonikalisha kuandika ni banda la madarasa manne la skuli yetu ya msingi. Tangu Aprili halina paa, na fedha za kuliezeka hazimo katika bajeti niliyoinyanyulia mkono.

Nianze na huo mkono. Pale Chukwani, Unguja, ulipo ukumbi wa Baraza, wizara moja moja huleta makadirio yake, Wajumbe tukachangia, Waziri akajibu, kisha Baraza likakaa kama Kamati ya Matumizi na kupita programu kwa programu. Mwisho tunahojiwa: wanaokubali wanyanyue mikono. Nilinyanyua kwa Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali. Nilinyanyua kwa Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi, kwa kuwa nusu ya nyumba za jimbo hili zinakula kwa bahari. Nilinyanyua pia kwa Mswada wa Matumizi, ambao ndio unaoruhusu fedha zitoke kuanzia tarehe 1 Julai. Wizara ya Elimu nilisimama nikaitaja skuli yetu mbele ya Spika, maneno yapo kwenye kumbukumbu za Baraza, na nikaahidiwa kwamba wataalamu watakuja kuitazama. Sina sababu ya kutoiamini ahadi ile.

Mmeniuliza, na mna haki ya kuuliza: bajeti ya mwaka 2024/25 ni shilingi trilioni 5.182, mwaka uliotangulia ilikuwa trilioni 2.8 na kitu, vipi basi kukosekane paa la madarasa manne? Jawabu langu ni hili. Vitabu vya makadirio huandaliwa miezi kabla ya sisi kuingia ukumbini. Paa letu liliondoka Aprili, vitabu vimeshafungwa. Mwakilishi anaweza kuhoji, anaweza kushauri, anaweza kukaza sauti, lakini hawezi kuandika mstari mpya wa matumizi kwa kalamu yake. Na mkinambia ningeukataa mswada mzima kwa ajili ya banda letu, ningekuwa nimekataa pia mishahara ya walimu wetu na dawa za kituo chetu cha afya. Niliwaza hilo usiku kucha. Asubuhi nikanyanyua mkono.

Upande wa Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo, fedha tulizopata zilikwisha Februari kwenye pampu ya kisima na mabomba yake, jambo mlilolichagua wenyewe mkutanoni. Za mwaka mpya hazijafika.

Sasa nikuelezeni nilichokiona, maana walioko nje ya kisiwa huenda wamesikia tu kwamba "skuli imeharibika".

Upepo ulikuja na mvua kubwa ya masika, usiku, kwa rehema za Mola hapakuwa na mtoto. Uling'oa mabati na kenchi zilizokuwa zimeshaliwa na mchwa, ukaacha kuta. Bati moja lilikutwa limekwama juu ya mkarafuu, jengine kwenye shamba la mihogo ng'ambo ya njia. Kutani bado imebaki ramani ya Zanzibar aliyoichora mwalimu kwa rangi. Kila mvua inapopita, Unguja inazidi kufutika.

Watoto wa darasa la tatu wanasoma chini ya mwembe. Wamekaa juu ya majamvi, ubao umeegemezwa kwenye shina. Nilifika pale asubuhi moja nikasimama nyuma yao kimya. Mwalimu alikuwa anafundisha kugawanya. Ghafla pakapita upepo wa baridi kutoka baharini, na kabla mwalimu hajasema neno, watoto wakaanza kukunja majamvi. Wameshajifunza. Wananusa mvua wakiwa katikati ya hesabu. Mmoja, kisichana hata kimo cha meza hajafika, alijitwika ubao kichwani akawa anawapita wenzake mbio kuelekea banda la pili. Kule ndani nilihesabu mwenyewe: watoto 137 katika chumba kimoja. Lengo linalosemwa kila siku ni watoto 45 kwa darasa.

Mtihani wa nusu muhula ulinyeshewa. Mwalimu wao hakuwa na moyo wa kuwaambia watoto warudie. Alizichukua zile karatasi nyumbani kwake, akaziweka juani moja moja juu ya jamvi la karafuu, kama tunavyoanika karafuu, akazisahihisha jioni zikiwa zimekunjamana. Alinionyesha rundo lile. Zanukia karafuu hata leo. Nimekaa Barazani nikasikia hotuba nyingi za elimu, nikatoa na zangu, lakini zile karatasi zimenitia haya kuliko lolote nililowahi kusikia.

Na nitasema kosa langu. Paa liliondoka Aprili, mimi nimekuja kuliona katikati ya Mei. Nilipigiwa simu, nikasema nitakuja, nikashughulika na vikao. Wazee mliokuwa mnaningoja pale skuli siku ile mkaniona sikuja, naomba mniwie radhi.

Wapo wanaosema: elimu ni bila malipo tangu 23 Septemba 1964, mwaka ule ule wa Mapinduzi, kwa nini leo tuchange? Ni kweli, na itabaki hivyo. Hakuna mtoto atakayeombwa hata shilingi, na hakuna atakayerudishwa nyumbani kwa sababu baba yake hakutoa. Huu ni mchango wa watu wazima kwa hiari zao. Lakini tukumbuke banda lile lilijengwaje. Mwaka 1972 wazee wetu walileta mawe kwa ngalawa, wakachoma chokaa tanuuni wenyewe, kina mama wakawa wanajitwika mchanga kutoka pwani maji yakitoka. Elimu ilikuwa bila malipo siku hizo pia. Hawakusema wangoje. Mzee mmoja kati ya waliochoma chokaa ile yuko hai, nilikwenda kumwamkia. "Shikamoo babu." Akaitikia, kisha akaniuliza swali moja tu: kuta zimesimama? Nikamwambia zimesimama. Akasema, basi sisi yetu tumeyamaliza.

Kuta zimesimama, fundi amezipima na kuthibitisha. Kinachotakiwa ni kupaua na kuezeka. Makadirio yake ni haya: mabati 180 kwa shilingi 38,000 kila moja, jumla 6,840,000. Mbao zilizotiwa dawa, 4,500,000. Misumari, kofia za paa na dawa ya mchwa, 870,000. Usafiri kutoka Wete, 450,000. Fundi na wasaidizi wake, 2,200,000. Yote pamoja ni shilingi 14,860,000.

Mpaka naandika hivi tunazo 3,415,000, na nataka mjue zimetoka wapi. Walimu wetu wamekatana mishahara wakatoa 350,000. Wavuvi, 620,000. Sadaka za Ijumaa tatu msikitini, 893,000. Mimi nimenunua mabati 30, thamani yake 1,140,000, yapo stoo kwa Mwalimu Mkuu. Na kina mama wa mwani walileta 412,000 zimefungwa kwenye pindo la kanga, noti za mia tano na elfu elfu, na sarafu. Anayeujua mwani anajua hiyo ni bamvua ngapi, yaani siku za maji makubwa kujaa na kutoka, kusimama majini kiunoni kuanzia alfajiri, kufunga, kuvuna, kuanika, kisha bei yake kwa kilo mnaijua. Walipozimwaga mezani nilishindwa kuzihesabu, nikampa Sheha, kiongozi wa serikali hapa mtaani kwetu, ahesabu.

Zimebaki 11,445,000.

Sasa naongea na nyinyi mlio nje ya kisiwa, na naongea kama ndugu. Orodha ya waliochangia kisima mwaka 2016 ninayo, ina majina 214. Ya paa hili mpaka leo ina majina 61. Nimekaa nikayalinganisha. Wengi ambao hawamo ni watu niliokaa nao jamvi moja katika banda lile lile. Mmoja ana duka la vitambaa Kariakoo, mmoja ni nahodha, mmoja ni daktari na wazazi wake wanaona fahari kulitaja jina lake, wawili wako Maskati na kila Idi huleta zawadi za familia. Siwataji, wala sidhani kwamba wamekataa. Nadhani tu habari haijawafikia vizuri, na ndiyo maana nimeeleza kirefu. Lakini ikishakufika, ndugu yangu, usiiweke chini. Herufi ya kwanza uliyoandika, uliiandika chini ya paa lile.

Tena nasema wazi: hili halina chama. Mvua ile haikuuliza baba wa mtoto gani anavaa kofia ya rangi gani. Kamati ya harambee ina watu wa kila upande, na mwenyekiti wake si mimi wala mtu wangu. Nimeomba iwe hivyo. Siku yenyewe hapatakuwa na bendera wala fulana za chama uwanjani, na kama nikikosea nikaanza kuhutubia siasa, mwenyekiti amepewa ruhusa ya kuninyang'anya kipaza sauti.

Utaratibu wa fedha ni mfupi. Akaunti ya skuli iko Benki ya Watu wa Zanzibar, namba yake imebandikwa ofisini kwa Sheha, kwa Mwalimu Mkuu na kwenye mbao za matangazo za misikiti yetu. Hazitoki bila saini tatu: Mwalimu Mkuu, mweka hazina wa kamati na mwakilishi wa wazazi, ambaye ni mama wa watoto watatu wa pale. Mimi sina saini. Kila mchango una risiti, na kila Ijumaa jumla inasomwa na kubandikwa. Kikibaki kitu, kitanunua madawati, na hilo pia litasomwa.

Asiyekuwa na pesa taslimu asijione hana la kutoa. Msimu wa karafuu uko mbele: anayeweza kuahidi pishi moja ya karafuu kavu aandikishe sasa, kamati itaipokea wakati huo. Mwenye gari atupe safari moja ya Wete. Vijana tunataka mikono yenu. Anayetaka kutoa bati moja, ni 38,000, na anayetaka kutoa kwa ajili ya marehemu wake, Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba mwanadamu akifa amali zake hukatika isipokuwa mambo matatu: sadaka inayoendelea, elimu yenye manufaa, na mtoto mwema anayemwombea. Katika paa la skuli naona yote matatu yako chini yake. Tumeuanza mwaka mpya wa Kiislamu, 1446, na wengi wetu tumeuanza tukiwa tumewazika wapendwa wetu.

Kwa habari nyengine za jimbo, nitapita upesi. Pampu ya kisima inafanya kazi, ila naomba msiifungue wote saa moja. Barabara ya Chake hadi Wete nimeiulizia tena na nitaendelea kuiulizia. Vijana waliofaulu kuendelea na masomo mwaka huu tutawapongeza siku ya harambee yenyewe, mbele ya wazazi wao.

Harambee itakuwa Jumapili, tarehe 4 Agosti 2024, saa 2:00 asubuhi, uwanja wa skuli, chini ya mwembe ule ule wanaosomea watoto. Kina mama wamejitolea kupika, wanaomba kila nyumba ilete kuni na nazi. Walio mbali wanaweza kutuma kabla ya siku hiyo ili majina yao yasomwe pamoja na ya waliopo, na asiyetaka jina lake lisomwe aseme, litaandikwa kwenye daftari la risiti tu.

Fundi anasema akipata vifaa vyote mkononi anamaliza kwa wiki tatu. Vuli huanza Oktoba, kwa hiyo kazi ianze Jumatatu tarehe 5, siku ya pili yake, kwa mbao zitakazokuwepo. Mwenye nyundo yake au msumeno aje nao, mimi nitakuwepo tangu sala ya asubuhi.

Wa billahi tawfiq.

Mwakilishi wenu, kwa niaba ya Kamati ya Harambee ya Skuli