Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Idara ya Maafa: Saa 41 za Kumtafuta Mwalimu

Mheshimiwa,

YAH: RAFIKI YETU ALIYEPOTEA KWENYE ORODHA

Tunaokuandikia ni majirani na marafiki wa mtu mmoja tuliyepotezana naye usiku moto wa msituni ulipotuhamisha. Jina lake hatulitaji kwa kuwa ametuomba tusilitaje. Sote humwita Mwalimu, na humu ndivyo tutakavyomwita. Ana miaka 74. Anaishi peke yake katika nyumba ya mwisho kabla ya msitu, hutembea kwa mikongojo tangu afanyiwe upasuaji wa nyonga, na sikio lake la kushoto halisikii kabisa. La kulia husikia kwa msaada wa kifaa ambacho usiku hukivua na kukiweka kando ya kitanda.

Hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwa siri. Wauguzi wanaomhudumia wanayajua, sisi tunayajua, hata watoto wanaopita kwake kuuliza hesabu wanajua kwamba wakimwita kwa nyuma hatageuka. Ofisi iliyokabidhiwa kazi ya kumwondoa mtu kama yeye kwenye njia ya moto ndiyo haikuwa na habari.

Usiku ule agizo la kuhama lilitufikia saa tisa, kwa ujumbe wa simu. Wengine tuliamshwa na mlio wake, wengine na harufu ya moshi. Upepo ulikuwa umegeuka. Aliyewahi kuuona moto wa msituni usiku anajua kwamba hauji kama ukuta unaosogea taratibu. Hutanguliza makaa yake. Upepo huyabeba, yakadondoka kwenye majani makavu mbali na ulipo moto wenyewe, na hapo huzuka moto mwingine. Mtu huuona mwanga upande wa pili wa bonde akajiambia bado ana muda, kumbe nyuma ya nyumba yake kumeshawaka. Mimi ninayeshika kalamu kwa niaba ya wenzangu sikuchukua hata robo saa tangu kusoma ujumbe hadi kuwasha gari, na tayari cheche zilikuwa zinagonga kioo.

Tuliondoka. Na hapa lazima tuseme jambo linalotuuma mpaka leo: kila mmoja wetu alidhani mwenzake amempitia Mwalimu. Jirani wa karibu kabisa aliona nyumba yake iko giza akaamini ameshachukuliwa, akasahau kwamba umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima. Mimi niliona gari lililojaa watu mbele yangu, nikajiambia moyoni kwamba yumo. Kosa hilo ni letu na hatukuandikii ili kulitua mabegani mwako.

Alfajiri, tukiwa tumeshafika kituo cha kuwapokea waliohamishwa, tulianza kuhesabiana. Mtu wa kwanza aliuliza, "Mwalimu amekuja na nani?" Hakuna aliyejibu. Tulitazamana, na nadhani sote tulielewa kwa wakati mmoja.

Tulikwenda mezani. Binti aliyekuwa hapo, macho mekundu kwa moshi na kukosa usingizi, alitupokea kwa upole na hatuna neno baya juu yake. Alikuwa na daftari. Jina la Mwalimu halikuwamo. Tulimuuliza kuhusu vituo vingine, akasema vipo vitatu kwa jumla, kila kimoja na daftari lake, na yeye hana njia ya kuona yaliyoandikwa kwa wenzake. Akatupa namba ya simu ya dharura. Tulipiga hadi ikapokelewa. Tukaambiwa tuwaulize polisi. Polisi wakatuambia tuulize kituoni. Kufika adhuhuri tulikuwa tumelizunguka duara hilo mara tatu, na mara ya tatu yule binti alituona tukija akaanza kulia kabla hatujafungua kinywa.

Wawili wetu walikwenda hadi kwenye kizuizi cha barabarani. Walizuiwa kupita, na kuzuiwa kwao kulikuwa sahihi, Mheshimiwa, hatulalamikii hilo. Juni 2017 huko Ureno, moto wa Pedrógão Grande uliua watu 66, na wengi wao walifia barabarani walipokuwa wakiukimbia. Barabara yenye moshi si mahali pa mtu mwenye moyo mwema asiye na vifaa. Walichoomba wenzetu ni kitu kidogo tu: askari aulize kwa redio yake kama kuna yeyote aliyeifikia nyumba ya mwisho. Askari aliuliza. Jibu lililorudi ni kwamba hakuna orodha ya nyumba zilizokaguliwa.

Usiku wa kwanza hakuna aliyelala. Mmoja wetu aliendelea kuipiga simu ya Mwalimu, ingawa minara ilikuwa haifanyi kazi upande ule, kwa sababu kuacha kupiga kungekuwa kama kukubali.

Tulimpata saa mbili usiku wa siku ya pili, saa 41 baada ya lile agizo. Mmoja wa wanafunzi wake wa zamani aliamua kuachana na simu na kuzunguka kwa gari kituo hadi kituo. Kituo cha nne, ambacho binti wa mezani hakuambiwa kwamba kimefunguliwa, kilikuwa ng'ambo ya mlima. Mwalimu alikuwa ameketi kwenye kiti kando ya mlango, amejifunika blanketi, anamtazama kila anayeingia. Dereva wa lori la maji lililokuwa likiwapelekea maji watu wa zimamoto ndiye aliyemwokoa: aliona mwanga wa tochi ukipepea dirishani, akasimama, akambeba. Simu na kile kifaa cha sikio vilibaki ndani. Nyumba nayo haipo tena.

Jina lake, Mheshimiwa, lilikuwa kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la kituo kile. Limeandikwa vizuri, herufi zote zipo, pamoja na saa aliyofika: kumi na moja alfajiri ya siku ya kwanza. Wakati sisi tunahesabiana, yeye alikuwa ameshaandikwa. Kwa siku mbili tulimlilia mtu aliyekuwa salama, naye kwa siku mbili aliamini kwamba sisi tumeungua, kwa kuwa alikuwa ametuulizia mmoja mmoja kwa jina na kila mara akajibiwa, "Hawapo hapa."

Kama ungemwona alivyomshika yule mwanafunzi wake mkono na kuanza kutaja majina yetu moja moja akiuliza, "Na huyu je? Na huyu?", nadhani barua hii isingehitajika.

Jambo hili halikuanzia kwetu. Novemba 2018, moto uliouteketeza mji wa Paradise, California, uliwafanya watu wengi wasijulikane walipo hata orodha yao ikavuka majina 1,000. Hatimaye waliothibitika kufa walikuwa 85, na wengi wao walikuwa wazee wa zaidi ya miaka 65. Katika ile orodha ndefu walikuwamo watu walio hai na salama kabisa, wamehifadhiwa kwa ndugu au vituoni, wasiojua kwamba wanatafutwa. Agosti 2023 huko Lahaina, Hawaii, ikawa vilevile: mamlaka zilipotangaza hadharani majina 388 ya waliokuwa bado wanatafutwa, ndani ya siku moja zaidi ya 100 kati yao walijulikana kuwa salama. Siku moja tu! Kilichohitajika ni majina kusomwa na watu wanaojuana. Na kila jina linaloondoka kwenye orodha namna hiyo huwapunguzia kazi wale wanaochambua majivu kutafuta waliokufa kweli.

Tulipokuja ofisini wiki iliyofuata tulielezwa kwamba madaftari hayawezi kuunganishwa wala kusomwa kwa simu kwa kuwa taarifa za waliohamishwa ni siri. Tumelitafakari jibu hilo kwa uzito, na tunakiri lina ukweli ndani yake. Wapo watu, hasa wanawake, wanaojificha wasipatikane na waliowaumiza, na moto usiwe ndio unaowafichua. Lakini tatizo hili lilikwisha kupatiwa ufumbuzi zamani sana. Msalaba Mwekundu umekuwa ukiunganisha watu waliopotezana tangu vita vya mwaka 1870 kati ya Ufaransa na Prussia, dola ya Wajerumani ya wakati ule, na utaratibu wake hauhitaji mitambo: anayetafuta huacha jina lake na la anayemtafuta, anayetafutwa akipatikana huulizwa kwanza kama anataka ijulikane alipo, akikubali, ujumbe hupelekwa, akikataa, anayetafuta hatajiwa mahali. Siri ya mtu hubaki mikononi mwake mwenyewe. Kwa Mwalimu, siri ilitunzwa dhidi yake. Hakuna aliyemuuliza kama anataka tujue. Angeulizwa, angejibu kabla swali halijaisha.

Ombi letu la kwanza, basi, na ndilo tunalolishikilia kuliko yote, ni orodha moja. Vituo vyote viandike mahali pamoja, hata kama ni kwa karatasi kusomwa kwa redio kila baada ya saa mbili, na pawe na watu wasio na kazi nyingine ila kupokea simu za wanaotafuta na kulinganisha majina. Kituo kipya kikifunguliwa, vingine viambiwe. Anayeandikishwa aulizwe maswali mawili: unamtafuta nani, na nani akikutafuta aambiwe.

La pili ni la kabla ya moto. Baada ya moto wa tarehe 7 Februari 2009 uliowaua watu 173 katika jimbo la Victoria, Australia, na baada ya tume ya uchunguzi kumaliza kazi yake, huko waliweka rejesta za watu walio dhaifu wasio na wa kuwasaidia, ambazo polisi wanaweza kuziangalia hatari inapokuja. Rejesta haimbebi mtu, tunalijua hilo. Lakini ingekuwapo kwetu, yule askari wa kizuizini angekuwa na la kujibu. Tuko tayari kuianza wenyewe: tumeshapita nyumba kwa nyumba na kupata watu 19 waliokubali kwa hiari kuandikwa, miongoni mwao mama anayetumia mashine ya oksijeni inayotegemea umeme, na kijana asiyeona. Tunachokosa ni mtu ofisini kwako wa kuipokea na kuihuisha, maana orodha ya mwaka jana humtuma mwokoaji kwa mtu aliyekwisha hama na kumpita aliyehamia juzi.

Kuhusu tahadhari yenyewe tutasema machache. Ujumbe wa simu ni mzuri, lakini haumwamshi asiyesikia, wala haufiki mnara ukiungua. Lahaina ving'ora vilikuwapo na havikupigwa. Tunaomba pawe na njia zaidi ya moja kila mara, na moja kati ya hizo iwe mtu anayegonga mlango. Kwa wenye mikongojo, viti vya magurudumu na mashine za kupumulia, agizo litangulie kuliko la wengine, tena lije pamoja na gari. Kumwambia Mwalimu ahame saa tisa usiku bila kumpa chombo ni kumtaarifu tu kwamba moto unakuja.

Kwa upande wetu tumegawana. Kila aliye kwenye ile orodha ya watu 19 ana wawili waliopangiwa kumpitia, si mmoja, na hakuna anayeondoka mtaani kabla hajamwona kwa macho au hajasikia kutoka kwa mwenzake kwamba amemwona. "Nilidhani" hatulikubali tena.

Hatuombi mtu afukuzwe kazi. Yule binti wa mezani na yule askari tungependa kuwaona tena, wakiwa na vitendea kazi. Dereva wa lori la maji tumemtafuta tumshukuru, na hadi leo hatujampata, kwa kuwa hata magari yaliyoingia eneo la moto usiku ule hayakuorodheshwa. Ikiwa ofisi yako inaweza kutusaidia kwa hilo, tutashukuru sana.

Tunaomba siku moja ya kukutana nawe kabla ukame haujarudi. Tutakuja watu sita, na Mwalimu atakuwa mmoja wao. Kwa sasa anaishi kwa mmoja wetu na afya yake si mbaya. Kifaa kipya cha sikio bado hajapata, kwa hiyo tunaomba akae karibu nawe, awe upande wako wa kushoto ili sikio lake la kulia likuelekee, nawe uzungumze ukimtazama usoni. Ana maswali yake mwenyewe, ameyaandika.

Wako katika kusubiri majibu,

Majirani na marafiki wa Mwalimu