Binti wa Sultani hatoroki Disemba

Beshte yangu,

Sasa? Mombasa kunaendaje? Huku Nairobi ni ile baridi ya Julai, tunalala na soksi, wewe endelea tu kututumia picha za madafu.

Nimesoma riwaya yako. Zile sura zote ulinitumia nilizisomea kwa matatu nikitoka tao, na venye Thika Road hufunga jioni nilimaliza kabla tufike Roysambu. Kulikuwa na mama fulani ameketi kando yangu, nikamwona anachungulia simu, nikamwachia asome pia, mbona nimnyime. Alipofika pale kapteni Mzungu anamvua binti barakoa kwa bustani ya jumba, akaguna akasema, "Ai, na ndugu zake wako wapi?" Aki sikuwa na jibu. Na hiyo ndio shida ya riwaya yako, zingine ni vitu vidogo.

Unaandika Unguja ya 1866, binti wa nyumba ya Sultani, na kapteni anaingia mlango wa mbele na waridi mkononi kama mtu amekuja deti Westlands. Haiwezekani. Mzee Seyyid Said alikuwa ameshafariki 1856, aliyekuwa kwa kiti ni mwanawe Majid, na binti wa ukoo ule alikuwa anaposwa na kufu yake tu, kwa mshenga, na wazee wakae chini waongee mahari. Mgeni asiye Mwislamu hana hata pa kuanzia. Sasa wewe umeondoa hicho kizuizi chote halafu kwa sura ya tatu unataka nishtuke wakitoroka. Wanatoroka nini na hakuna mtu amewakataza? Hata zile hadithi za malodi wa Uingereza tulikuwa tunanunua za inama, vile vitabu vinauzwa chini barabarani, wapenzi walikuwa wanakimbia usiku na gari la farasi hadi Scotland kwa sababu kulikuwa na sheria ya 1753 iliyosema aliye chini ya miaka 21 haolewi bila ruhusa ya mzazi, na ukivuka mpaka ukifika Gretna Green hiyo sheria haikufuati. Toa sheria, na mbio zimeisha, inabaki watu wawili na farasi.

Na si lazima ubuni sana, kwa sababu Salme alishaishi hiyo kitu. Najua ulimsikia shuleni kidogo. Binti ya Seyyid Said, alizaliwa 1844 jumba la Mtoni, na akajifundisha kuandika kwa siri, akinakili herufi za Kurani kwa wino kwenye mfupa wa bega la ngamia, juu wasichana walifundishwa kusoma tu, kuandika hapana. Alipokuwa kijana hivi, 1859, ndugu yao Barghash akapanga kumpindua Majid, na Salme ndiye alikuwa anaandika barua za njama. Ebu fikiria huyo binti ndani ya kitabu chako! Wako anakaa dirishani anapumua. Wa kweli anaandika barua za mapinduzi na mkono wa kujifundisha.

Halafu mapenzi yenyewe. Nyumba yake Mji Mkongwe ilipakana na ya mfanyabiashara Mjerumani wa Hamburg, Heinrich Ruete, na paa la jamaa lilikuwa chini kuliko lake, kwa hivyo Salme akiwa dirishani anaona kila kitu. Unajua Ruete alifanya nini? Alikuwa anaalika wanaume wenzake chakula cha jioni makusudi ili Salme aone vile Wazungu hula mezani. Wacha hapo kidogo. Hakuna waridi, hakuna shairi, ni mtu anakata nyama na kisu huku anajua kuna macho juu. Mimi ningetoa sura nzima kwa hiyo meza. Nani ameketi wapi, taa ziko wapi, nani kati ya wageni hajui kwamba yeye ni pambo tu, na huko juu binti anajaribu kuelewa mbona kila mtu ana sahani yake. Hiyo ndio posa, na haina mshenga.

Akashika mimba, na hapo sasa si mchezo, ni shingo yake. Agosti 1866, usiku wa siku ya mwaka, ule mwaka mpya wa Waswahili, wakati wanawake wanateremka pwani kuoga baharini, akaingia mashua na kupandishwa manowari ya Waingereza, HMS Highflyer, ikampeleka Aden. Umeona vile sikukuu imetumika? Wanawake wakiteremka usiku huo hakuna wa kuuliza wanaenda wapi. Wewe umewashusha wako na kamba kutoka ghorofani, na buibui juu, kaa mwenyewe ufikirie.

Sasa upepo, na hapa nitakuwa mkali juu wewe uko Pwani na hii hustahili kuambiwa na mtu wa Githurai. Umewatoa Unguja Disemba, kwa jahazi, kwenda Maskati. Disemba ni kaskazi! Upepo unatoka huko wanakoenda. Majahazi wakati huo ndio yanakuja kutoka Arabuni, na kurudi yanangoja kusi. Ukitaka wakimbie kwa tanga, watoe Aprili kusi ikianza au Agosti kwa demani, kusi ikiisha nguvu, katikati bahari inachafuka manahodha wanatulia bandarini. Na usiione kama shida, ni zawadi: weka posa ya lazima Januari, wapenzi wanajua hakuna chombo cha kwenda kaskazini mpaka Aprili, na kila asubuhi binti anapanda juu ya paa kuangalia bendera zinapepea upande gani. Mimi hapo sitaweka simu chini.

Kitu kingine, wanapita mfereji wa Suez. Ulifunguliwa 1869, hawa wako 1866. Abiria alikuwa anashuka Suez, anapanda gari moshi kuvuka Misri hadi Alexandria, halafu meli tena. Ni bora hata, utapata kumweka ndani ya treni na vumbi na Wazungu wanaomkodolea.

Halafu kuna kitu umenyamazia. Hilo jumba lako lina marashi, lina halua, lina shela zimekunjwa, na hakuna mtu anafua. Nani anafua? Hiyo mali ilikuwa ya karafuu, na karafuu ilichumwa na watumwa, na soko la watumwa la Unguja halikufungwa mpaka 1873. Salme mwenyewe alikuwa na mashamba na watumwa, na kwa kumbukumbu zake alizochapisha kwa Kijerumani 1886 aliutetea utumwa. Sisemi ugeuze kitabu kiwe mahubiri. Nasema yule mjakazi anayebeba taa sura ya pili mpe jina na mpe uamuzi, kwa sababu usiku wa kutoroka yeye ndiye anajua kila kitu na akipiga kelele wote wamekwisha. Kusema ukweli nilikuwa namwogopa kuliko kapteni wako nilivyompenda.

Na mwisho, usimalizie harusini tafadhali. Salme alibatizwa na kuolewa Aden siku moja, 1867, akawa Emily Ruete. Mtoto wao wa kwanza hakufika Ujerumani. Kufikia 1870 mumewe ameshakufa, aligongwa na tramu ya farasi Hamburg, amemwachia watoto watatu kwenye baridi na lugha ya watu. Alirudi Unguja 1885 na meli za kivita za Wajerumani, na Barghash, yule yule Salme alikuwa anamwandikia barua za njama, sasa ndiye Sultani, akakataa kumwona. Barua zile lazima zirudi hapo, aki, hata kama utazibuni mwenyewe.

Kapteni sina shida naye sana, ila punguza hicho kifua, kimetajwa kila ukurasa.

Nitumie sura ya nne hata kama haijaiva, na ukipita Mji wa Kale muulize nahodha yeyote mzee kuhusu kusi kabla uandike tena. Ile simu yako ya zamani bado iko kwangu, nikutumie na basi ama utakuja Agosti?

Mimi wako wa Githurai