Unanunua pikipiki ya kwanza, tena iliyotumika? Mwambie muuzaji asiiwashe

Simu nyingi tunazopokea karakanani kwetu Tabata zinafanana. Mteja ameshalipa, pikipiki ameilaza nyumbani, asubuhi imegoma kuwaka, na sasa anaomba fundi akaiangalie. Tunakwenda, tunatengeneza, tunalipwa. Lakini mara nyingi fundi huyohuyo angeuona ubovu ule kabla pesa haijatoka. Makala hii ni ya yule ambaye bado hajalipa.

Mkishakubaliana na muuzaji siku ya kwenda kuiona, mwombe asiiwashe mpaka ufike, na uende asubuhi. Salamu zikiisha, peleka kiganja karibu na bloku, yaani silinda ya injini, usiiguse kwanza. Ukisikia joto, pikipiki imeshafanyiwa maandalizi. Hivi karibuni tulimsindikiza mteja Tandika, dada anayetafuta pikipiki ya kupelekea watu chakula maofisini. Muuzaji akatupokea vizuri, akasema, "Fundi, nimeiwasha kidogo tu ili msihangaike kupiga kiki." Bloku ilikuwa haishikiki. Tukamjibu, "Hamna shida kaka, acha ipoe, sisi tunakunywa chai." Chai ikaja, maandazi yakaisha, chuma kikapoa. Kijana wake akapiga kiki mpaka akabadilisha mguu. Tulipoitoa plagi ilikuwa nyeusi tii, imelowa oili. Dada akaaga kwa adabu, akaondoka na pesa yake.

Sababu si uchawi. Ringi za pistoni zikilika, mgandamizo ndani ya silinda unavuja, na hapo injini ya baridi ndiyo inayoteseka zaidi kuwaka. Ikishapata moto, chuma kinatanuka, mapengo yanapungua, petroli inageuka mvuke upesi, na pikipiki inawaka kwa kiki moja kama mpya. Ndiyo maana muuzaji mjanja huipasha. Na si kila anayeipasha ni tapeli. Wengine wanafanya hivyo kwa ukarimu tu. Wewe hutajua yupi ni yupi, kwa hiyo subiri ipoe.

Ikiwaka, simama nyuma uangalie ekzosi. Moshi wa bluu unaotoka dakika ile ya kwanza kisha ukakata, mara nyingi ni sili za valvu zimechoka. Hiyo inatengenezeka bila kufilisika. Moshi wa bluu unaoongezeka kila ukivuta mafuta ni ringi au bloku, na hapo unazungumzia kufungua injini. Moshi mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa: chujio la hewa limeziba au kabureta imechezewa. Mvuke mweupe kidogo asubuhi usikutishe. Yote haya ni kwa injini za viharusi vinne (four-stroke), yaani Boxer, TVS, Haojue, SanLG na wenzao. Yamaha DT za zamani ni za viharusi viwili, oili yake inaungua pamoja na petroli, kwa hiyo moshi kwake ni kawaida. Tumewahi kuona mtu akiikimbia DT nzima kabisa kwa sababu hiyo.

Kisha angalia oili yenyewe. Ikiwa nyeusi, ni ya siku nyingi tu. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Dar es Salaam hili si jambo la nadra: masika ikikolea, kuanzia Machi hadi Mei, Barabara ya Morogoro pale Jangwani hujaa maji, na kuna pikipiki zinazopitishwa humo zikiwa zinaunguruma. Baada ya hapo zinaoshwa, zinang'arishwa, zinatafutiwa mnunuzi. Fungua pia kiti uangalie nyaya. Tope lililokaukia ndani ya soketi halidanganyi.

Spidomita usiihesabu kabisa. Waya wake unachomolewa kwa dakika moja, na nyingi tunazoziona hazifanyi kazi. Soma vitu vinavyoguswa kila siku: mpira wa kukanyagia, mpira wa lever ya gia, mpira wa mkono wa kulia. Kama dashibodi inasema kilomita chache na mpira wa gia umelika mpaka chuma kinaonekana, amini mpira. Namba ya usajili nayo inasema kitu. Kibao cheupe ni cha biashara, cha njano ni cha binafsi. Pikipiki iliyokuwa bodaboda si dhambi kuinunua, ila bei yake isilingane na ya mwalimu aliyekuwa akiendea kazini na kurudi, na ukitaka kuitumia binafsi utalazimika kubadili matumizi TRA, Mamlaka ya Mapato.

Cheni ivute kwa kidole pale nyuma kabisa ya sproketi. Ikinyanyuka ukaona mwanga, seti nzima ya cheni na sproketi imeisha. Chuchumaa nyuma uone kama matairi mawili yako mstari mmoja. Nyanyua tairi la mbele, geuza usukani polepole. Ukinata katikati, beringi za shingo zimekufa. Tafuta madoa ya kuchomelea kwenye fremu chini ya keria, maana pikipiki za mjini hubeba magunia. Kwenye tairi kuna tarakimu nne ndani ya duara la mviringo: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye kashata nzuri lakini mpira wake umekauka na kupasuka pembeni halifai kwenye mvua.

Karatasi ndizo zinazoliza watu

Ubovu wa injini una spea Kariakoo. Ubovu wa umiliki hauna.

Bodaboda wengi hapa mjini hawaendeshi pikipiki zao. Wapo wa hesabu, wanaompelekea mwenye mali kiasi fulani kila siku, na wapo wa mkataba, wanaolipa kidogokidogo mpaka pikipiki iwe yao. Yule wa mkataba akiwa amebakiza miezi kadhaa, akapata shida ya pesa, anaweza kukuuzia pikipiki ambayo kisheria bado si yake. Anakuja nayo, anaijua, majirani wanamfahamu kwayo. Kadi ya usajili ndiyo haiko: "iko kwa bosi," "iko nyumbani Kilosa," "imepotea ila nina kopi." Ukisikia hivyo, dai kumwona bosi. Wengine wamekopa, na kadi imeshikiliwa na mkopeshaji hadi deni liishe. Kama kadi imepotea kweli, mwenye jina kwenye kadi akatoe taarifa polisi na kufuatilia nyingine TRA, yeye mwenyewe, kabla hujalipa.

Kadi ikiwa mkononi, linganisha jina lake na kitambulisho cha NIDA cha anayekuuzia. Kisha linganisha namba ya chesisi, ambayo kwa pikipiki nyingi imegongwa kwenye shingo ya fremu chini ya usukani, na namba ya injini kwenye ubavu wa injini. Pangusa uchafu, soma tarakimu moja moja. Namba ambazo hazijakaa mstari mmoja, au zilizozungukwa na rangi mpya au alama za tupa, tunashauri uziache na pikipiki yake. Hapo hatuna "labda."

Kwa namba ya usajili, unaweza kuangalia mtandaoni kama kuna faini za trafiki ambazo hazijalipwa, na kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, ukahakiki kama bima ni hai au ni stika ya mapambo. Deni likionekana, likatwe kwenye bei au lilipwe mbele yako.

Mkataba wa mauziano uandikwe kwa wakili au serikali ya mtaa, uwe na namba zote mbili, bei halisi, na sahihi za mashahidi. Halafu fanyeni uhamisho wa umiliki TRA. Muuzaji na mnunuzi wote mnahitaji TIN (namba ya mlipakodi), na kuna ada pamoja na ushuru wa stempu. Watu hukwepa hatua hii ili kuokoa hela, wanabaki na kadi yenye jina la mtu wa tatu nyuma. Siku ajali ikitokea, au pikipiki ikiibwa, ndipo wanapoanza kumtafuta mtu aliyeshahamia Geita.

Kuifikisha nyumbani

Ukiwa umeinunua Mbagala, unakaa Goba, na hujawahi kuendesha pikipiki, usijitie ushujaa. Leseni yenyewe ni daraja A, au A1 kwa pikipiki ndogo isiyozidi cc 125. Ya gari haikusaidii. Jifunze kwanza kwenye uwanja, hasa breki ya mbele. Wanaoanza huiogopa, wanakanyaga ya nyuma peke yake, kumbe ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi ya kusimamisha. Ibane taratibu, usukani ukiwa umenyooka. Kwenye mchanga na kwenye lami iliyopata mvua ya kwanza, punguza mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona. Barabara ya Mandela ina malori ya bandarini usiku na mchana. Dereva wa lori hakuoni ukiwa ubavuni mwake. Njia ya mwendokasi si yako hata ikiwa tupu. Kofia ngumu ifungwe kamba, na abiria naye avae.

Jambo dogo linalowasimamisha wengi siku ya kwanza: koki ya mafuta. Ina sehemu ya kufunga, ya kawaida na ya akiba. Muuzaji aliyebakiza petroli kidogo hukuachia koki kwenye akiba, unadhani una mafuta, unazimikiwa Ubungo juu ya daraja. Iangalie kabla hujatoka. Siku hiyohiyo badilisha oili, hata kama umeambiwa ni mpya.

Kama huiendeshi, ita kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, ila msimamie mwenyewe upakiaji. Bodi ya kirikuu cha kawaida haifiki mita 2, na Boxer ina takriban mita 2, kwa hiyo ikae kimshazari, tairi la mbele limesukumwa kwenye kona. Vijana wa upakiaji hupenda kuisimamisha kwa stendi na kuifunga kwa mpira wa tairi la ndani. Mpira unavutika, kila tuta pikipiki inaruka, stendi inapinda, na kufika Mwenge iko chini. Stendi ikunjwe. Gia iwe imeingia. Funga kwa mikanda ya kukazia, miwili mbele ikishika chuma kinachobana shokapu chini ya usukani, si ncha za usukani, na uikaze mpaka shokapu ziingie nusu. Miwili mingine nyuma kwenye fremu. Weka tambara popote mkanda unapogusa rangi, toa vioo, funga koki. Mkitembea kidogo simameni mkaze tena, kwa sababu mkanda wa kwanza hulegea pikipiki ikishatulia.

Kwa mikoani, tunatumia malori ya fuso yanayorudi na mzigo mdogo. Kinachoharibu huko ni pikipiki kulazwa ubavu ili ipate nafasi juu ya magunia. Petroli inachuruzika, maji ya betri yenye tindikali yanamwagika kwenye fremu, oili inapanda kwenye chujio la hewa. Kama dereva hana nafasi ya kuisimamisha, subiri gari lingine. Punguza petroli, chomoa betri. Mpe dereva kopi ya kadi na ya mkataba wa mauziano kwa ajili ya ukaguzi wa njiani. Kadi halisi tuma kwa njia nyingine. Piga picha kila upande kabla ya kuondoka, na umtumie mpokeaji. Yeye akague kwa picha hizo kabla ya kumalizia malipo ya dereva, anuse petroli iliyovuja, arudishe betri, na aiache isimame kidogo kabla ya kuiwasha.

Kuhusu huduma yetu, ni hivi. Hatuuzi pikipiki, hatupokei chochote kwa muuzaji wala dalali, na pesa ya manunuzi haipiti mikononi mwetu. Unatulipa ukaguzi, na unatulipa hata jibu likiwa "achana nayo". Tunalisema mapema kwa sababu kuna wateja wanaokasirika. Ukaguzi wa injini na mwili tunafanya pale pikipiki ilipo. Namba za chesisi na injini tunazisoma na kukupigia picha, lakini kwenda TRA ni kazi yako na muuzaji. Kirikuu na mikanda tunavyo. Fuso tunakutafutia, bei unapatana na dereva mwenyewe. Tupigie jioni ya siku iliyotangulia, utuambie aina ya pikipiki na mtaa ilipo, ili fundi atoke saa 12 asubuhi kabla foleni ya Buguruni haijafunga.