Barua ya kufunga muhula: sigara, ugoro na siku 32 za likizo

Ofisi ya Mkuu wa Shule,
Shule ya Sekondari ya Kutwa,
Moshi.

Kwa wazazi na walezi wote, Kidato cha Kwanza hadi cha Nne

Ndugu mzazi/mlezi,

YAH: KUFUNGA SHULE, NA TUMBAKU MAJUMBANI KWETU

Shule inafungwa Ijumaa tarehe 5 Juni saa 6 mchana na kufunguliwa Jumatano tarehe 8 Julai, siku moja baada ya Saba Saba. Ripoti ya mtihani imo ndani ya bahasha hii. Isaini, mtoto airudishe siku ya kufungua. Kidato cha Nne watabaki na masomo ya asubuhi kwa wiki mbili za mwanzo. Sweta ni lazima, baridi ya Julai mnaijua wenyewe. Mengine ya kawaida yako kwenye karatasi ya pili.

Sehemu yote iliyobaki ya barua hii inahusu tumbaku. Tarehe 31 Mei ilikuwa Siku ya Kutotumia Tumbaku Duniani, na wanafunzi wamechora mabango mazuri. Lakini mtoto anatoka shuleni na bango lake mkononi, anafika nyumbani, anapewa hela akamnunulie mjomba sigara mbili. Hapo bango limekwisha kazi.

Ombi la kwanza, na kwetu ndilo kubwa: msiwatume watoto sigara. Angalieni kibanda chochote cha mangi mtaani kwenu. Pakiti imefunguliwa, imesimamishwa kati ya pipi na biskuti, na kiberiti cha gesi kimening'inizwa kwa kamba kwenye nondo za dirisha. Mwanafunzi hana hela ya pakiti, ila ya sigara moja anayo, imebaki kwenye nauli ya haisi. Akishatumwa mara kumi muuzaji amemzoea, hata aina anayovuta baba anaijua kabla hajaitaja. Mara ya kumi na moja akinunua ya kwake, nani atamuuliza? Sheria ya udhibiti wa bidhaa za tumbaku ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia tumbaku aliye chini ya miaka 18, na mtoto aliyetumwa bado ni mtoto aliyeuziwa. Vilevile msimpe amuwashie babu sigara kwenye jiko la mkaa. Sigara haishiki moto kwenye kaa bila kuvutwa, na wengi hapo ndipo wanapoonja mara ya kwanza, jikoni, kwa ruhusa ya wakubwa.

Kwa mangi msiende na vitisho. Ukianza na polisi siku ya kwanza, sigara zinahamia chini ya kaunta na biashara inaendelea. Kinachofanya kazi ni wazazi wa mtaa mmoja kupita dukani mmoja mmoja na kusema: "Mwanangu fulani usimuuzie, hata akikwambia nimemtuma mimi." Muombeni pia aifungue ile kamba ya kiberiti, na pakiti aitoe kwenye pipi aiweke rafu ya nyuma. Naye anatafuta riziki, na ninyi ndio wateja wake wa sukari na unga, kwa hiyo atawasikiliza. Baadaye jambo lipelekwe kwenye kikao cha mtaa, mwenyekiti alitamke mbele ya wote ili wenye vibanda wote wasikie neno moja.

Sasa ukigundua mwanao anavuta. Vidole vya njano na meno meusi ni dalili za mvutaji wa miaka. Kwa anayeanza msizitegemee. Nusa mkono wa kulia wa sweta, hasa pindo. Tazama kama kuna vitundu vidogo vya moto kwenye kitambaa. Pipi kifua kila jioni kwa mtoto asiye na mafua, nayo ina maana yake. Sigara za kielektroniki hazinuki moshi. Hunukia matunda, na nyingine zina umbo la kalamu nene au flashi ya kompyuta. Zipo pia pakiti ndogo nyeupe za nikotini za kuweka chini ya mdomo, mfano wa kifuko cha majani ya chai kilichopunguzwa. Nyingi ya hizo zina nikotini, nayo ndiyo inayomfanya mtu ashindwe kuacha.

Msianze na mkanda. Mtoto aliyechapwa hujifunza kuvutia mbali zaidi na nyumbani. Muulize maswali matatu, mkiwa wawili tu: umeanza lini, unaipata wapi, na sigara ya kwanza ya siku unaivuta saa ngapi. La tatu ndilo linalosema mengi. Anayeitafuta ndani ya nusu saa tangu aamke, mwili wake umeshaizoea nikotini, na huyo anahitaji msaada zaidi ya maonyo. Nikotini ikivutwa hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20, na kwa kijana uraibu unaweza kuonyesha dalili ndani ya wiki chache, kabla hata hajafikia kuvuta kila siku. "Anajaribu tu" ni neno la kujifariji.

Shuleni, atakayekutwa na tumbaku mara ya kwanza hatasimamishwa masomo. Baadhi yenu mtaona tumelegea. Lakini mwanafunzi aliyesimamishwa wiki mbili anazimalizia kijiweni, na sigara ziko huko huko kijiweni. Badala yake mzazi ataitwa, na mtoto atakutana na mwalimu wa ushauri nasaha mara moja kwa wiki kwa wiki nne, dakika 15 tu kila mara. Katazo la kuvuta ndani ya uzio wa shule ni la kila mtu: walimu, mlinzi, fundi, na mzazi anayesubiri ripoti.

Tunakuja kwa wakubwa wenyewe. Likizo hii ni siku 32. Anayevuta sigara kumi kwa siku atavuta 320 kabla shule haijafunguliwa. Zidisheni kwa bei ya sigara moja dukani kwenu muone zinalipia nini. Upande wa pili, arosto, yaani mateso ya mwili uliokosa nikotini, huwa kali kati ya siku ya pili na ya tatu, na kwa wengi hupungua sana ndani ya wiki mbili hadi nne. Kwa maneno mengine, likizo inatosha. Tunapendekeza Jumatatu tarehe 15 Juni iwe siku ya kuacha, watakaoweza waiache pamoja.

Kuanzia tarehe 6 hadi 14, mtu avute kama kawaida yake ila kila sigara aiandike kabla ya kuiwasha: saa ngapi, yuko wapi, yuko na nani. Karatasi ikunjwe iwekwe kwenye pakiti yenyewe. Baada ya siku tatu utaona kwamba sigara zako zina vituo: chai ya asubuhi, baada ya ugali, chooni, kijiwe cha bodaboda, kilabuni jioni. Kila kituo kitafutiwe kitu kingine mapema. Baada ya kula, inuka upige mswaki papo hapo. Chooni usiingie na koti lenye pakiti. Kilabu kiache kwa wiki tatu za mwanzo, kwa sababu pombe, iwe mbege au bia, huwarudisha watu wengi sana; kikombe cha pili kikiingia, ile ahadi ya asubuhi haina mlinzi.

Jumapili jioni tarehe 14, sigara zilizobaki zilowekwe kwenye maji ndipo zitupwe. Zikitupwa kavu zinaokotwa saa tano usiku. Viberiti vya gesi na kisahani cha majivu vitoke ndani, koti lifuliwe. Kupunguza polepole bila tarehe ya mwisho huwashinda wengi, maana anayebaki na sigara nne huzivuta kwa pumzi ndefu zaidi ili kufidia nikotini aliyoikosa. Kuhamia shisha ni kujidanganya zaidi: kikao kimoja cha shisha cha saa nzima kinaweza kumwingizia mtu moshi wa sigara 100 au zaidi, na maji yale hayachuji sumu.

Hamu ikija, huwa kali kwa dakika tatu hadi tano, kisha hushuka uwe umevuta au hukuvuta. Tazama saa. Kunywa maji, ondoka pale ulipokaa, tafuna karoti, karanga au kipande cha muwa. Ndugu zetu Waislamu wanaovuta wanajua jambo hili kuliko wengine: kila Ramadhani wanakaa saa 13 hivi mchana bila sigara. Kazi kwao ni ile saa baada ya futari.

Jambo moja linasahaulika sana, na kwetu wakulima wa kahawa lina uzito. Moshi wa sigara hulifanya ini liiondoe kafeini mwilini haraka. Ukiacha sigara na kubaki na vikombe vyako vile vile, kafeini inabaki nyingi zaidi kwenye damu. Moyo unakwenda mbio, usingizi unakataa, na mtu anasema "kuacha sigara kumenitia ugonjwa". Punguzeni kahawa iwe nusu kuanzia siku ya kwanza. Kwa sababu hiyo hiyo, anayetumia aminofilini ya pumu, na vilevile anayejichoma insulini, amwambie daktari kabla hajaacha, huenda kipimo kikahitaji kubadilishwa.

Mategemeo mengine: hasira, choo kigumu, kichwa kuuma, njaa. Uzito huongezeka, kwa wastani kilo 4 hadi 5 mwaka wa kwanza. Kwa baadhi kikohozi huzidi wiki za mwanzo, kwa kuwa vinyweleo vya njia ya hewa vilivyokuwa vimelala vinaamka na kusukuma makohozi. Ila kikohozi kilichofika wiki mbili, kikiwa na homa za jioni, jasho la usiku au kukonda, kipimwe kifua kikuu. Kwenye vituo vya serikali kipimo na dawa ni bure. Uvutaji huongeza hatari ya TB zaidi ya mara mbili. Mkoa wenye hospitali ya TB ya Kibong'oto hauhitaji kuelezwa TB ni nini.

Bigijii na plasta za nikotini, za kumsaidia anayeacha sigara, zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009, ila haziko kila famasi, na bei yake ulizeni kwanza. Bigijii ya miligramu 4 ni ya yule anayevuta ndani ya nusu saa ya kuamka, ya miligramu 2 ni ya wengine. Kosa linalofanyika ni kuitafuna mfululizo kama ya kawaida: nikotini inamezwa, kwikwi na kiungulia vinaanza, mtu anaitupa. Itafune taratibu hadi usikie ukali, iegeshe kati ya shavu na fizi mpaka ukali uishe, kisha rudia, kwa nusu saa. Usinywe kahawa, soda wala juisi dakika 15 kabla. Walio chini ya miaka 18 na wajawazito wasizitumie bila daktari.

Bibi zetu nao tusiwasahau. Ugoro ni tumbaku iliyosagwa, mara nyingi ikichanganywa na magadi, na magadi ndiyo yanayoifungua nikotini ipenye haraka kwenye utando wa pua na wa mdomo. Kukosa moshi hakuufanyi uwe salama. Tumbaku isiyo na moshi husababisha saratani ya kinywa. Wala si dawa ya jino. Unatia ganzi kidogo huku jino likiendelea kuoza. Bibi asinyang'anywe kopo lake kwa fedheha mbele ya wajukuu, lakini wajukuu wasitumwe kuusaga, na kopo likae juu kabisa. Kitoto kinachotambaa hula chochote, na nikotini kidogo tu inakitapisha na kukilegeza.

Asiyeweza kuacha sasa, basi avutie nje, mbali na mlango na dirisha. Kufungua dirisha hakutoshi, moshi unapita chumba hadi chumba. Mtoto mwenye pumu ndiye anayelipa. (Jiko la kuni lisilo na bomba nalo linamlipisha, tuseme ukweli.)

Atakayeteleza na kuvuta moja asiseme imekwisha. Aandike ilikuwa wapi na saa ngapi, aendelee siku hiyo hiyo. Walioacha kabisa wengi wao walijaribu zaidi ya mara moja. Inasaidia kuwa watu watatu, kutoka kikoba kimoja, jumuiya moja au msikiti mmoja, wanaopigiana simu saa ya kilabu. Maswali ya afya yanajibiwa bure kwa namba 199 ya Wizara ya Afya, na mhudumu wa afya wa mtaa wenu anaweza kuwaelekeza kituo cha karibu.

Tafadhali kata kipande hiki na ukirudishe pamoja na ripoti tarehe 8 Julai. Jina si lazima. Andika kidato cha mtoto tu. Majibu yatatusaidia kupanga kikao cha wazazi cha Julai.

Wenu katika malezi,
Mkuu wa Shule

- - - - - - - - - - - - - - - - - - - -

Kidato: ______

Nyumbani kwetu anayetumia tumbaku: hakuna / mmoja / zaidi ya mmoja

Aina: sigara / ugoro / shisha / nyingine

Kumtuma mtoto dukani kununua sigara: tumeacha / bado

Tarehe 15 Juni kuna aliyejaribu kuacha: ndiyo / hapana

Kama ndiyo, leo 8 Julai: hajavuta tena / aliteleza akaendelea / amerudi

Kilichomshinda au kilichomsaidia zaidi: ______________________