Jicho la mtoto likitokeza, matone pekee hayatoshi

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Kurasa zenu za afya zimeshaongelea sana mtoto wa jicho na presha ya macho, nawashukuru, ila uvimbe unaoota nyuma ya jicho, ndani ya tundu lenyewe, sijaona mkiugusa, labda kwa sababu ni nadra. Ni nadra kweli, lakini ukimpata mtoto hauna subira.

Mtoto wa dada yangu alianza kuvimba kope moja, akapewa matone, yakaisha akapewa mengine na antibayotiki ya maji juu, huku jicho linazidi kutoka nje mpaka ikawa akilala halifungi. Kila tulikopita wanasema infeksheni. Kuanza na infeksheni sio kosa, ndiyo inayoonekana mara nyingi na inafanana kweli, wekundu, uvimbe, kuja ghafla, ila dawa ikitumika siku mbili tatu na jicho halirudi basi mtoto apelekwe siti skani, sio chupa nyingine! Kwake ilikuwa rabdomayosakoma, kansa inayowapata zaidi watoto wa chini ya miaka 10. Zamani waliondoa jicho na kila kilichomo kwenye tundu, siku hizi ni dripu za kansa na mionzi, na kwenye nchi zenye huduma kamili zaidi ya watoto 90 kwa kila 100 wanapona kama haijatoka nje ya tundu.

Na picha peke yake haitoshi, lazima kinyama kikatwe kipimwe. Hapa ndipo panaponiuma. Kinyama chetu tulikibeba wenyewe kwenye basi, nimekipakata kwenye kichupa cha fomalini, ile dawa ya kuhifadhi kinyama kisioze, halafu majibu tukayasubiri wiki na wiki. Sasa kuna limfoma ya Burkitt, kansa nyingine ya watoto inayoweza kutokeza jicho, ile daktari Denis Burkitt aliyoiandika mwaka 1958 akiwa hospitali ya Mulago, Kampala, inaweza kuwa kubwa mara mbili ndani ya siku moja au mbili tu, na dawa inaisikia vizuri ikiwahiwa. Kwenye hadubini chembe zake na za rabdomayosakoma zinaweza kufanana, vijiduara vidogo vya bluu, bila rangi maalum za maabara hata mtaalam anaweza kuchanganya, na matibabu yake ni tofauti kabisa. Kuna nyuroblastoma pia, nayo kansa ya watoto, hiyo mara nyingi inaanzia tumboni, mtoto anakuwa na weusi kuzunguka macho kama kapigwa ngumi na mama wa watu anaanza kushukiwa bure, kumbe wangemshika tumbo tu wangeukuta uvimbe.

Wazazi, mkalishe mtoto, simama nyuma yake, mwinue kidevu kidogo umtazame kutokea juu ya paji la uso, jicho lililotokeza utaliona, au linganisha na picha zake za zamani kwenye simu.

Ombi langu, mhariri, mtafuteni daktari bingwa wa macho na mtu wa patholojia, yaani anayepima vinyama maabara, waliandikie hili kwa kirefu, na mkiweza waulizeni wahusika wa wizara kinyama kinachokatwa wilayani kinatakiwa kusafirishwa na nani na majibu yanatakiwa kurudi ndani ya siku ngapi.

Msomaji wenu, Morogoro