Risala ya Wanakikundi kwa Mgeni Rasmi Wakati wa Kufunguliwa kwa Ghala la Pamoja, Kaunti ya Vihiga

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Bwana Chifu na naibu wako, wazee wa vijiji, viongozi wa dini, majirani na wanachama wenzetu, hamjambo.

Kwa niaba ya wanachama wote, ninakukaribisha katika ghala hili utakalolifungua muda mfupi ujao. Ndani yake mna majembe, mapanga, pampu za kunyunyizia dawa, toroli, ngazi, mashine ya kupukuchua mahindi na mbegu za msimu ujao. Hakuna kifaa kinachokodishwa humu wala mbegu inayouzwa. Mwanachama huchukua anachohitaji, jina lake likaandikwa daftarini, naye akakirudisha kikiwa safi.

Mheshimiwa, kaunti yetu ina watu zaidi ya 1,000 katika kila kilomita ya mraba, na mashamba yamegawanywa kutoka baba hadi mwana mpaka familia nyingi hazina hata ekari moja. Mwenye shamba la kiasi hicho akinunua pampu yake, toroli lake na ngazi yake, vitalala karibu mwaka mzima kwenye pembe ya jikoni huku deni alilonunulia likiwa macho. Jirani yake naye hununua vile vile, na kwa deni vile vile. Baadhi yetu tumewahi kuchukuliwa kuku, meza na masufuria kwa mikopo ya namna hiyo, na hapo ndipo tulipoanza kuulizana ni mambo gani katika maisha yetu yanayohitaji pesa kweli.

Karo, matibabu, nauli na chumvi vinahitaji pesa, nasi hatujidanganyi. Lakini kulima, kupalilia, kuvuna, kukarabati nyumba, kulea watoto mama anapokwenda kliniki na kupata mbegu ni mambo ambayo wazee wetu waliyatimiza kwa zamu. Wajaluo walikuwa na saga, Wakisii risaga, Wakikuyu ngwatio, na huku kwetu watu walilimiana vivyo hivyo. Reli ilifika Kisumu mwaka wa 1901, kodi ya nyumba ikaja na mwaka wa 1910 ikafuatwa na kodi ya kichwa. Ilipodaiwa kwa rupia, vijana waliondoka kwenda kuzitafuta katika mashamba ya walowezi, na mikono ikapungua nyumbani. Kulimiana hakukufa, ila kulibaki bila kanuni zilizoandikwa, na kwa maoni yetu hilo ndilo lililokudhoofisha.

Tulijifunza pia kutoka kwa wengine. Wahutteri, Wakristo walioanza kumiliki mali kwa pamoja huko Moravia, katika nchi ya Cheki ya leo, mwaka wa 1528, wanaishi hivyo hadi leo nchini Kanada na Marekani, na jamii yao moja ikikua sana hugawanyika ikawa mbili. Kibbutz ya kwanza, yaani kijiji cha Wayahudi cha kumiliki mali kwa pamoja katika Israeli ya leo, iliitwa Degania na ilianzishwa mwaka wa 1910, lakini baada ya madeni makubwa ya miaka ya 1980 nyingi za jamii hizo zilianza kulipa wanachama mishahara inayotofautiana. Jirani zetu Tanzania walitangaza Ujamaa katika Azimio la Arusha mwaka wa 1967, na watu walipohamishiwa vijijini kwa nguvu katika miaka ya 1970, moyo wa kushirikiana ulivunjika mahali pengi. Kwa hiyo tuliamua kwamba kikundi kibaki kidogo kiasi cha kila mtu kumjua mwenzake, kisikope kwa dhamana ya mali ya pamoja, na asiyetaka kuendelea aruhusiwe kuondoka kwa amani.

Bi. Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi, mwaka wa 2009, alionyesha kwamba watu wanaotumia msitu, maji au malisho kwa pamoja huweza kuvitunza kwa muda mrefu endapo wanatunga kanuni wenyewe, wanachungana wenyewe, na adhabu inaanza ndogo. Hapa kwetu anayechelewesha kifaa huonywa. Akirudia, hungoja hadi wengine wote wamalize zamu zao. Na akizidi, mkutano humwita.

Jambo lililotusumbua kuliko yote ni kuhesabu kazi tunazofanyiana kwa zamu. Mafundi wa ujenzi walisema, na walikuwa na hoja, kwamba saa yao haiwezi kulingana na saa ya bibi anayepepeta maharagwe. Mjadala ulikuwa mrefu. Hatimaye tulikubali kwamba saa ya kila mtu ni saa moja, utaratibu ambao Mmarekani Edgar Cahn aliueneza tangu miaka ya 1980, kwa sababu bila hivyo tungekuwa tumerudisha mishahara kwa mlango wa nyuma, na wajane na wazee wangebaki wadeni wa kikundi milele. Mafundi walikubali walipoona kwamba watoto wao hulelewa na bibi hao hao.

Upande wa mbegu umetupa furaha ya pekee. Tunahifadhi wimbi, mtama, maharagwe, kunde, mrenda na managu. Maharagwe huchanganywa na majivu yaliyochekechwa ili yasiliwe na fukusi, na masuke ya mtama huning'inizwa juu ya meko yapate moshi. Anayechukua gorogoro moja hurudisha moja na nusu baada ya mavuno, na mvua ikikosekana husubiriwa hadi msimu unaofuata. Tulikuwa tukifanya hivyo kwa hofu hadi Novemba 2025, Mahakama Kuu ilipotangaza kuwa vifungu vya Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea vilivyowanyima wakulima haki ya kugawana mbegu za kienyeji ni kinyume cha Katiba.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuna maombi. Tulipotafuta msaada katika ofisi moja tuliulizwa taarifa ya benki, na kwa kuwa hatuna tulirudishwa. Tunakuomba utusemee ili daftari letu la saa za kazi lipokelewe kama ushahidi kwamba kikundi kipo na kinafanya kazi. Tunamwomba afisa wa kilimo wa wadi atufundishe kupima uotaji wa mbegu kabla ya mvua za masika. Na chemichemi iliyo chini ya ghala hili, inayotumiwa na wanachama na wasio wanachama, inahitaji kujengewa ukuta na bomba: mawe, mchanga na mikono tunayo, tumepungukiwa na saruji na ushauri wa mhandisi.

Sasa tunakuomba upokee ufunguo, ufungue ghala, kisha utie sahihi katika daftari la wageni.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanachama.